Mkojo Hausemi Kila Kitu: Natetea Samaki Wanaopewa Dawa za Kulevya

Juzi pale vimbwetani palizuka ubishi. Jamaa mmoja alikuwa amekutana na habari kwenye simu kwamba Ujerumani kuna wanasayansi wanawadunga samaki bangi ya maabara, halafu wanakaa kusubiri waone kinachotoka. Kicheko chake hicho! Mmoja akasema watu wameshiba. Mwingine akasema hizo hela bora wangetutumia sisi, maana bumu lenyewe halijaingia mpaka leo. Wa tatu akauliza samaki akishalewa anaogelea kinyumenyume au vipi. Mimi nilikuwa na jaribio asubuhi yake nikanyamaza, kwa sababu ubishi wa vimbwetani ukishauingia hutoki kabla ya saa sita usiku. Ila hapa nimepewa kurasa na hakuna wa kunikatiza, kwa hiyo nasema: wale Wajerumani hawachezi. Wanachofanya ni kazi ya maana sana kwa vijana wa umri wetu, na sisi huku, wenye vitivo vya sayansi za majini na wahadhiri wa samaki kibao, tunachelewa kujiunga nayo.

Nianze na swali ambalo si langu. Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa kidato cha pili, mada ya dawa za kulevya. Ile mada tunaijua wote. Mwalimu anaorodhesha madhara, wanafunzi wananakili, mtihani unakuja na "taja madhara matano", anayekariri anapata tano kwa tano. Binti mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, dawa ikishaingia mwilini inakwenda wapi?" Swali hilo halikuwemo kwenye kitabu nilichopewa, na kwangu mimi ndilo swali lenyewe.

Inakwenda kwenye ini, mara nyingi. Mwili haumjui huyo mgeni, na kama hayeyuki kwenye maji, figo haziwezi kumtoa nje kirahisi. Kwa hiyo ini linamshughulikia kwa vimeng'enya vyake: hiki kinakata kipande, kile kinapachika oksijeni, kingine kinamfungia kitu cha jamii ya sukari ili ayeyuke vizuri, kisha anapelekwa kwenye figo na kutoka na mkojo. Kazi hiyo nzima ni sehemu ya kile tunachokiita umetaboli. Jambo la kushika hapa ni kwamba kinachotoka sicho kilichoingia. Mtu akijidunga heroini, ile unga, heroini yenyewe haikai kwenye damu. Muda si mrefu imeshageuka kitu kinachoitwa 6-monoasetilimofini, nacho kinageuka mofini. Mpimaji wa maabara anayetaka kuthibitisha heroini hatafuti heroini kwenye mkojo, anatafuta hiyo 6-monoasetilimofini. Bangi vilevile. Kile kipimo cha haraka cha mkojo kinatafuta asidi ambayo mwili umeitengeneza kutokana na bangi, siyo ile kemikali iliyomlewesha mvutaji.

Ni kama askari wa getini aliyeambiwa amkamate mtu mwenye shati jekundu, wakati mtu huyo akishaingia ndani anabadilisha nguo. Usipojua amevaa nini sasa, utampita mara kumi.

Na siyo suala la kukamata tu. Wakati mwingine kile ambacho ini limekitengeneza kina nguvu kuliko kilichomezwa. Kodeini, ile iliyomo kwenye baadhi ya dawa za maji za kikohozi, sehemu yake hugeuzwa na ini kuwa mofini, na hapo ndipo inapopata sehemu kubwa ya nguvu yake. Kuna watu ambao ini lao hugeuza haraka mno, na kipimo ambacho kwa mwenzao ni cha kawaida kwao kinakuwa hatari. Kwa hiyo ukiniambia dawa fulani "si kali", nitakuuliza: kabla ya ini au baada ya ini?

Sasa, kwa heroini na bangi majibu hayo tunayo kwa sababu dunia imezisoma kwa miaka mingi. Tatizo ni hizi nyingine, zile za kubuni. Kisa chake ukikisikia unaweza kuwahurumia wanakemia. John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, alitengeneza na wanafunzi wake mamia ya kemikali zinazoshika mahali palepale kwenye ubongo panaposhikwa na bangi. Lengo lao lilikuwa utafiti, waelewe mahali hapo panafanyaje kazi. Kemikali wakazipa herufi za jina lake: JWH-018, JWH-073 na kadhalika, wakachapisha matokeo kama wanasayansi wote wafanyavyo. Watu wengine wakayasoma kwa jicho la biashara. Desemba 2008 maabara za Ujerumani na Austria zikagundua kwamba yale majani yaliyokuwa yakiuzwa kwenye pakiti za kung'aa kwa jina la Spice, yakitangazwa kuwa ni manukato ya kuchoma ndani, yalikuwa yamenyunyiziwa JWH-018. Serikali zikaipiga marufuku. Watengenezaji wakabadilisha kidogo tu molekuli, wakapata kemikali nyingine ambayo sheria haijaitaja. Ikapigwa marufuku nayo, wakabadilisha tena. Hadi mwisho wa 2023 taasisi ya Umoja wa Ulaya ya ufuatiliaji wa dawa za kulevya, iliyoko Lisbon, ilikuwa ikifuatilia zaidi ya dawa 950 za namna hii, na 26 kati ya hizo zilikuwa zimeripotiwa Ulaya kwa mara ya kwanza mwaka huohuo. Piga hesabu: ni kama dawa mpya moja kila baada ya wiki mbili.

Tusidhani haya ni mambo ya watu wa mbali. Ukoo mmoja mkubwa wa dawa hizi umechipuka kwenye mmea wetu. Mirungi, au miraa kama wanavyoiita jirani zetu wa Kenya, ina kemikali inayoitwa kathinoni. Wakulima wa Meru hawakuhitaji maabara kujua kwamba kitu kilichomo kwenye jani hakikai: wanaifunga kwenye majani ya mgomba na magari yanakimbizwa barabarani kama yanafukuzwa, kwa sababu jani likinyauka kathinoni inageuka kathini, ambayo ni dhaifu, na mteja hataki. Nayo ini la mlaji linaigeuza kathinoni kwa njia ya jamaa hiyohiyo. Hiyo ni kemia, na vijana wengi wa Maua wanaweza kukueleza bila kusoma kitabu. Mephedrone, iliyosambaa Uingereza mpaka ikapigwa marufuku Aprili 2010, ni kathinoni hiyohiyo iliyopachikwa vipande viwili vidogo. Jani letu likaenda likarudi likiwa unga mweupe. (Huku kwetu Tanzania mirungi yenyewe ni haramu kisheria, kwa hiyo asije mtu akasema makala haya yamemtuma sokoni.)

Kwa nini mabaki ya dawa yawe na umuhimu kiasi hiki? Tarehe 12 Julai 2016, kwenye mtaa mmoja wa Brooklyn, New York, watu 33 walilewa kwa mpigo kiasi cha kutembea kama wafu. Magazeti yakaandika habari za "mazombi". Walikuwa wamevuta kitu kilichouzwa kwa jina la AK-47 24 Karat Gold. Sampuli zikapelekwa kwenye maabara huko San Francisco. Ndani ya pakiti waliikuta kemikali inayoitwa AMB-FUBINACA. Na katika damu ya wagonjwa wote 8 waliopimwa, kilichowafunga watu hawa na ile pakiti kilikuwa ni asidi, yaani ile AMB-FUBINACA baada ya mwili kuikata kipande kimoja. Maabara isiyojua kwamba hiyo asidi ndiyo ya kutafuta ingeandika "hakuna kitu" na kila mtu angekwenda nyumbani.

Hilo neno "hakuna kitu" ndilo linaloniuma. Tuna mwenzetu mmoja, jina nalihifadhi, aliyeanguka hosteli muhula uliopita baada ya kuvuta kitu alichouziwa kama bangi. Alitapika, moyo unamwenda mbio, anaongea na watu wasiokuwepo. Akakimbizwa kwenye kituo cha afya, akapimwa mkojo kwa kile kipimo cha haraka, jibu likaja hakuna kitu. Kuanzia hapo kila mtu akawa na tafsiri yake. Wengine wakasema anajifanya ili akwepe mitihani. Ndugu zake walipofika wakasema amechezewa, wakamchukua kwenda kumtafutia mganga. Alirudi baada ya wiki tatu, mitihani miwili imempita, na mpaka leo anaelezea watu kwamba hakuwa anaigiza. Alivuta nini? Hakuna anayejua. Inawezekana ilikuwa bangi ya kubuni, inawezekana ni kitu kingine kabisa. Ninachosema ni kwamba kipimo kile hakikuwa na uwezo wa kujua, kwa sababu kinatafuta bangi ya shambani tu. Bangi za maabara ni molekuli za umbo jingine na mabaki yake ni mengine. Jibu sahihi lilikuwa "hatujaona tunachokijua", siyo "hakuna kitu". Kati ya majibu hayo mawili kuna mtu mzima na masomo yake.

Basi, ili mpimaji ajue cha kutafuta, lazima mtu fulani aigundue kwanza orodha ya mabaki ya kila dawa mpya. Ataigunduaje? Njia nyepesi ni kumpa binadamu dawa na kupima mkojo wake. Lakini dawa imetoka kiwandani kusikojulikana mwezi uliopita, hakuna anayejua kiasi gani kinaua. Nani atasaini fomu? Unaweza kusubiri wagonjwa wenyewe waje, ila ndiyo hivyo, wanakuja wakiwa wameshaumia na hujui walivuta nini na kiasi gani. Unaweza kutumia seli za ini zinazokuzwa kwenye vyombo. Hizo zinasaidia sana, lakini seli pekee hazina damu inayozunguka, hazina figo, hazina utumbo. Panya wapo, nao wana gharama zao, wanahitaji dawa nyingi kidogo, na ni wanyama wenye manyoya na macho yanayokutazama.

Hapo ndipo anapoingia samaki pundamilia.

Ni kidude kidogo, sentimita tatu au nne, chenye mistari ya buluu ubavuni. Asili yake ni Asia ya Kusini: India, Bangladesh, Nepal, kwenye vijito na mashamba ya mpunga. Jina lake la kisayansi ni Danio rerio, na hilo "Danio" limetokana na neno la Kibengali lenye maana ya "wa shamba la mpunga". Mtu wa Kilombero au Mbarali angemwona angesema ni dagaa wa majaruba. Watu walimfuga kwa mapambo hadi George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon alipoanza kumtumia kwenye utafiti wa jeni. Makala yake ya 1981 ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 2013 ramani kamili ya jeni zake ilipochapishwa ilionekana kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina mwenzake kwa samaki huyu. Ana ini, ana figo, ana moyo, ana ubongo wenye vile vishikizo vya bangi vilevile.

Lakini uzuri wake hasa uko kwenye vifaranga. Jike anataga mayai mamia kwa mara moja, nje ya mwili wake, na yai linaona mpaka ndani kama kioo. Saa 24 baada ya kutungwa moyo unadunda na unauona kwa darubini ya kawaida. Siku ya tatu hivi kifaranga kinatoka kwenye yai. Siku ya tano kinaogelea na ini linafanya kazi, urefu wake milimita nne tu, kinaishi kwenye kijitundu cha sahani ya plastiki yenye matundu 96. Sahani moja ukiishika mkononi umeshika wanyama 96 wenye ini. Dawa inayohitajika ni ya kupimia kwa sehemu ndogo sana ya gramu, na hilo ni muhimu kwa sababu dawa hizi haziuzwi duka la vifaa vya maabara kwa kilo.

Kazi iliyowachekesha jamaa pale vimbwetani inafanana na ile iliyofanywa Saarland, Ujerumani, na kuchapishwa 2020. Walichukua bangi moja ya kubuni inayoitwa 7'N-5F-ADB. Hii ina ndugu yake, 5F-ADB, na tofauti yao ni kichekesho: atomu moja ya naitrojeni imehamishwa kutoka nafasi moja ya pete kwenda nyingine. Idadi ya atomu ni ileile, uzito uleule, ila sheria ikimtaja mmoja kwa jina, mwingine anapita. Wakawadunga vifaranga kwa sindano nyembamba kuliko unywele, wakapima kilichotengenezwa, wakalinganisha na mkojo wa watu waliokuwa wametumia dawa hiyo. Kwenye mkojo wa binadamu kulikuwa na mabaki 27. Vifaranga walitoa 19 kati ya hayo. Seli za ini za kwenye chombo zilitoa 15. Na wakagundua jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote: ilitegemea sana dawa imeingizwa wapi. Ukidunga kwenye mshipa wa mkiani, kwenye chumba cha moyo au kwenye ubongo wa nyuma, unapata mabaki mengi. Yaani hata kwa kiumbe cha milimita nne, njia ambayo dawa inapita inaamua itageuka nini. Orodha kama hiyo ikishapatikana, maabara nyingine yoyote inaweza kuitumia kumtafuta yule mtu aliyebadilisha nguo.

Kumi na tisa kati ya 27 siyo 27, najua. Mabaki manane samaki hakuyatoa, na kama lile unalolihitaji liko kwenye hayo manane, umekosa. Samaki si mtu mdogo mwenye magamba. Binadamu ana jeni 57 za kundi lile la vimeng'enya linaloitwa saitokromu P450, ambalo ndilo linafanya sehemu kubwa ya kazi kwenye ini; samaki pundamilia ana 94. Anaweza kutengeneza vitu ambavyo sisi hatuvitengenezi. Hana mapafu, na dawa hizi watu wanazivuta. Anaishi kwenye maji ya nyuzi 28 wakati sisi ndani yetu ni 37. Anayekuambia samaki anatosha peke yake anakuuzia kitu. Ndiyo maana watafiti wenyewe wanamtumia pamoja na seli za ini na mkojo wa wagonjwa, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake.

Na samaki mwenyewe je? Swali hili liliulizwa na dada mmoja wa shahada ya sheria, na halikuwa la utani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2010 kuhusu wanyama wa maabara inamlinda kifaranga kuanzia pale anapoweza kujilisha mwenyewe. Kwa samaki pundamilia mstari umewekwa kwenye siku ya tano. Kabla ya hapo anaishi kwa kiini cha yai na kisheria hahesabiwi kuwa mnyama wa majaribio. Mimi sipendi kujidanganya kwamba saa 120 ni mpaka uliochorwa na Mungu. Ni mpaka uliochorwa na watu waliohitaji mpaka. Lakini nikiweka upande huu kifaranga kisichojua hata kula, na upande ule panya mzima, au mwenzangu wa hosteli anayefanyiwa majaribio na muuzaji bila kuambiwa, najua nitachagua nini. Maana tusisahau, majaribio kwa binadamu yanaendelea kila siku. Yanafanyika mitaani, bila fomu, bila daktari, na matokeo hayachapishwi popote.

Hoja nzito kuliko zote niliyoisikia ni kwamba sisi tatizo letu siyo hizi dawa za majina kama namba za magari. Tatizo letu ni heroini, gongo na bangi ya kawaida. Zahanati nyingine hazina hata glavu. Sawa. Lakini tazama Sierra Leone. Kwa miaka kadhaa vijana wa Freetown waliuziwa kitu kinachoitwa kush, na watu wakaeleza kimetengenezwa kwa kila aina ya vitu, mpaka mifupa ya binadamu ikatajwa na makaburi yakawekewa ulinzi. Aprili 2024 Rais Julius Maada Bio akatangaza hali ya dharura ya taifa. Ni Februari 2025 ndipo ripoti ya wachunguzi wa kimataifa ilipoweka kemia mezani: kwenye sampuli zao walikuta nitazeni, ambazo ni dawa za kubuni za jamii ya mofini zenye nguvu ya kutisha, na bangi za kubuni. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakipambana na uvumi. Mwenye sumu ya jamii ya mofini kuna dawa ya kumzindua, naloksoni. Mwenye bangi ya kubuni naloksoni haimsaidii. Daktari anayeambiwa "ni mifupa" afanye nini? Freetown haikutuma barua ya kuomba hizo dawa, na Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja ni bandari.

Suala la gharama nalikubali nusu. Mashine ya kupima uzito wa molekuli, inayotambua mabaki kwenye tone la mkojo, ni mamia ya mamilioni ya shilingi, na inahitaji fundi, umeme usiokatika na gesi. Hiyo siyo ya kununua kwa michango ya darasa. Lakini samaki si ghali. Matangi, pampu, chakula, darubini, na mtu wa kuamka asubuhi, kwa sababu samaki hawa hutaga kunapopambazuka. Vifaranga wakishapewa dawa, sampuli zinaweza kugandishwa na kupelekwa palipo na mashine. Ufugaji wa samaki tunao Sokoine, sayansi za majini tunazo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, famasia na tiba tunazo Muhimbili. Kinachokosekana ni watu hawa kukaa meza moja. Tena kuna jambo la aibu kidogo: yule samaki mdogo wa rangi nyingi wa madimbwi ya Unguja, Nothobranchius guentheri, anayetaga mayai yanayosubiri mvua ndani ya tope, yuko kwenye maabara za ughaibuni akisomwa kuhusu uzee. Sisi wenyeji wake wengi hatujui hata kama yupo.

Tahadhari moja naiunga mkono kwa mikono miwili. Samaki pundamilia ni mgeni, na nchi iliyomwona sangara akiimaliza furu ya Ziwa Victoria haipaswi kuingiza samaki mgeni kwa kuchekacheka. Vibali viwepo, maji ya matangi yasitoke yakaingia mtoni. Na dawa zenyewe ziingie kwa kibali cha vyombo husika chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, zifungiwe kabatini, zihesabiwe. Sitaki kusikia sampuli imepatikana hosteli.

Kwa hiyo nina maombi kwa serikali yetu ya wanafunzi, na nimeyapeleka pia kwa maandishi kwa waziri wa elimu na yule wa afya. Kwanza, ule mwongozo unaotumika mwanafunzi anapokutwa na hali ya ulevi uandikwe upya: jibu la kipimo cha haraka likiwa "hakuna kitu" lisitumike kumtia mtu hatiani kwamba anaigiza, wala kumnyima mtihani wa marudio. Hilo halihitaji samaki wala senti. Pili, wiki ya taaluma ya mwaka huu ialikwe timu ya watu watatu, wa samaki, wa famasia na wa sheria, waulizwe hadharani nini kinazuia tangi moja la majaribio. Tatu, sisi wa elimu tutakaoingia madarasani mwakani tupewe nafasi ya kuandaa somo moja la ini na dawa kwa ajili ya kidato cha pili, lenye mchoro wa heroini inavyobadilika hatua kwa hatua. Mchoro ninao, nilimchorea yule binti ubaoni na nusu ya darasa wakaunakili bila kuambiwa.

Na kwa wale wa vimbwetani wanaosema hatuna uwezo wa kutunza samaki wa maabara: Ulaya wanawasha vipasha joto mchana na usiku ili maji yafike nyuzi 28. Hapa Dar nimepima ya bombani kwetu saa nane mchana, yalikuwa 29.